Poleni kwa Kuuguza

Asubuhi ya Jumanne Yudith alikuwa amekaa mlangoni pa jiko akichambua maharage, mabovu akiwatupia kuku na mazima akiyadondosha kwenye sufuria, aliposikia kilima kikishuka. Hakujiuliza ni kitu gani. Mvua ilikuwa imenyesha tangu kabla ya Pasaka, na juu ya banda la kuni la shamba la chai hapakuwa tena na mti wa kushika udongo. Aliyafunika maharage kwa kanga, kwa sababu kuku wa Kwemtindi hawana adabu, akashuka bondeni.

Walimtoa Alen kabla jua halijafika utosini. Alikuwa mdogo wake wa mwisho, tumbo moja, na kazi yake ilikuwa kupanga magogo ya kulisha tanuri la kukaushia chai. Walimkuta amesimama wima ndani ya udongo mwekundu, mkono mmoja juu, kama mtu anayesimamisha gari. Kinywa kilikuwa kimejaa. Loyce, mke wake, alikisafisha kwa kidole alichokizungushia kitambaa, akatoa udongo, akatoa tena, na udongo haukuisha, mpaka wanawake wenzake wakamshika mikono na kumwambia inatosha.

Msitu wa pale juu ulikatwa mwaka uliotangulia ili tanuri lipate chakula. Alen mwenyewe alimwambia msimamizi wake kuwa kilima kimebaki uchi na kimeanza kupasuka nyufa, na msimamizi akamshukuru kwa taarifa. Hilo lilijulikana na kila mtu. Hapakuwa na haja ya kulinong'ona.

Kabla ya kwenda mbele inabidi Ukuta uelezwe. Kwemtindi imekaa mgongoni mwa kilima kimoja na kitongoji cha pili, kinachoitwa Ng'ambo, kimekaa mgongoni mwa kingine. Katikati kuna korongo linalochosha hata mbuzi. Vilima vyenyewe vimepinda, hivyo mtu akiita kutoka Kwemtindi sauti yake haifiki Ng'ambo moja kwa moja. Hufika kwanza kwenye Ukuta, jabali jeusi lililosimama mwisho wa korongo, na Ukuta ndio huirusha upande wa pili ikiwa nzima. Misiba iliitwa hivyo tangu enzi za mababu. Mwitaji hupanda kwenye Jiwe, mwamba ulio ukingoni mwa korongo, hutaja jina la marehemu, ukoo wake na kilichomuua. Watu wa Ng'ambo wakisikia Ukuta umesema, huangusha majembe ya shambani, hushika ya kaburini na kuja. Kaburi la Kwemtindi huchimbwa na watu wa Ng'ambo, na la Ng'ambo huchimbwa na watu wa Kwemtindi. Hakuna anayechimba la kwao, hata mambo yaharibike vipi. Na Ukuta usiposema, msiba haujatokea.

Simu zilikuwapo, tena za kisasa. Lakini kupewa msiba kwa simu kulihesabiwa dharau, kama kuletewa posa na mtu anayepita tu njiani.

Yudith alirithi Jiwe kwa mama yake. Alikuwa na sauti nyembamba iliyokwenda mbali, na alijua kupumzika katikati ya maneno ili mlima umalize la kwanza kabla hajatoa la pili. Alikuwa ameita wazee, vichanga, na mume wake mwenyewe. Hakuna aliyewahi kumsikia akikwama.

Miaka michache nyuma walikuja watu wa Mradi wa Sauti Salama. Walitundika kisanduku kwenye Ukuta, kikubwa kiasi cha mzinga wa nyuki, chenye kioo cha kunasa jua, wakasema ni cha kusafisha mwangwi. Mzee Sefania, mwenyekiti wa kitongoji na mzee wa usharika, aliitisha mkutano, na mikono ikanyooshwa. Yudith aliunyoosha wake juu kabisa. Sababu yake ilikuwa Kristofa, jirani ambaye akishapiga dengelua, ile pombe ya miwa, hupanda kwenye Jiwe na kumtukana mama mkwe wake wa Ng'ambo, na Ukuta ulikuwa ukimfikishia yule mama kila tusi bila kupunguza. Siku kisanduku kilipowashwa, Kristofa alifungua kinywa akatoa yote aliyokuwa nayo, na mlima ukanyamaza kimya. Watu walicheka wakashika mbavu. Ni vizuri kulisema hilo, kwa kuwa baadaye kila mtu alikana kuwa alicheka.

Baada ya matusi, Ukuta uliacha kurudisha neno njaa. Kisha mtu akiita kwamba bomba halitoi maji, Ukuta ulijibu kuwa maji yako njiani, kwa sauti ya yule yule aliyeita. Kisha ukaacha Kishambaa. Mama aliyemwita mwanawe kwa Kishambaa aliusikia mlima ukimwita kwa Kiswahili cha taarifa ya habari, na baada ya muda watoto wakawa wanakuja wakiitwa na mlima lakini si wakiitwa na mama zao. Watu walizoea. Yudith naye alizoea, akajifunza kupunguza maneno yake kabla hayajatoka, na Ukuta ukawa unamrudishia karibu yote. Alijiambia kuwa uitaji ni kazi kama nyingine, na kila kazi ina masharti.

Adhuhuri ile ya Jumanne hakupunguza kitu. Alipanda kwenye Jiwe na udongo wa mdogo wake ungali kwenye kucha zake, akaita kama alivyofundishwa na mama yake.

"Alen wa Zakaria, wa ukoo wa Washele, amekufa. Ameuawa na kilima. Kilima kilikatwa miti."

Akasubiri. Ukungu ulikuwa mwembamba na Ng'ambo ilionekana vizuri: mwanamke akianika nguo, wanaume wawili wakipalilia kabichi. Ukuta haukusema kitu. Aliita mara ya pili akitenga kila neno. Yule mwanamke wa Ng'ambo alimwona, akampungia mkono kwa furaha, kisha akaendelea kuanika.

Wafu wa Kwemtindi huja jikoni wakati wa magharibi, kabla ya taa kuwashwa, mpaka watakapozikwa, na wengine hata baada ya kuzikwa ikiwa pana chai. Maiti ya Alen ililazwa chumbani kwake ikiwa imefunikwa shuka, na Alen mwenyewe akaja akaketi kwenye kigoda karibu na mafiga, mwekundu kuanzia nywele hadi vidole vya miguu. Loyce alimpa maji asukutue. Alisukutua akatema udongo, akasukutua tena akatema mwingine.

"Dada," alisema, "mbona sisikii majembe?"

"Ukuta haujakurudisha."

"Umeniitaje?"

"Nimeita ulivyokufa."

Alen alifikiri. Kila alipofumbua kinywa udongo kidogo ulimwangukia kifuani, na Loyce alikuwa akiuzoa kwa kifagio na kuutupa kwenye mgomba nyuma ya nyumba.

"Rudia kesho," alisema. "Labda kulikuwa na upepo. Lakini Dada, na wewe Loyce, msikubali niitwe vingine. Mimi nilimwambia yule bwana kuhusu zile nyufa. Nataka ijulikane nilimwambia."

"Nitaita hivyo hivyo," Yudith alisema, na wakati huo alimaanisha.

Jumatano aliita tangu ukungu ulipopanda hadi uliposhuka. Alibadilisha mpangilio, akaanza na kilima akamalizia na jina, akaanza na jina akamalizia na miti. Mara moja Ukuta ulirudisha neno Alen peke yake, safi kabisa, halafu ukaishia hapo. Ng'ambo walisimama wakasikiliza. Mtu anaweza kuitwa jina kwa sababu nyingi, na mbuzi kupotea ni mojawapo, hivyo walirudi kwenye kabichi zao. Wakati wa magharibi Alen alikuja akiburuta miguu. Udongo ulikuwa umeganda na kukauka hadi magotini, na kigoda kililia alipoketi.

Alhamisi alifika Hafidhi, fundi wa mradi, kijana wa Tanga mjini mwenye koti la mvua la manjano na heshima zake zote. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa.

"Shikamoo mama. Poleni sana."

"Marahaba mwanangu. Karibu ndani."

"Niliona wito wa huku unakataliwa, nikasema nije mwenyewe, isije ikawa hitilafu imeletwa na mvua." Aliinama akapokea chai kwa mikono miwili. "Mashine iko salama. Haimkatai marehemu, mama. Jina linapita bila shida. Kinachokwama ni pale mbele, kwenye sababu."

"Sababu ndiyo iliyomuua," alisema Loyce.

"Naelewa, dada. Ila mashine inaisikia kama lawama, na lawama zinazua taharuki. Ukisema aliugua kwa muda mfupi, hiyo inapita siku zote. Tena inatoka kwa sauti nzuri."

"Hakuugua."

Hafidhi alikitazama kikombe chake. "Wengi wanaopita kwa njia hiyo hawakuugua, dada," alisema taratibu, na alisikitika kwelikweli, maana hakuwa mtu mbaya.

Mzee Sefania naye alikuwapo, fimbo katikati ya magoti. Alikuwa amekohoa mara kadhaa kuonyesha kuwa ana neno, na sasa akalitoa.

"Yudith binti yangu, mimi nimekuona unazaliwa. Leo ni siku ya tatu. Baridi ya huku ina msaada wake lakini nayo ina mwisho, na pua zote zimo humu ndani. Mtu hawezi kulazwa chumbani kwa ajili ya maneno mawili. Mungu anajua alivyokufa. Ng'ambo wanajua, wana macho. Sisi tunajua. Nani asiyejua, hata ukafie kwenye lile Jiwe?"

"Alen mwenyewe ameomba," Yudith alisema.

"Alen anaomba akiwa amekaa kwenye kigoda. Anachohitaji ni kulala."

Loyce alisema kwamba yeye atakaa na mumewe hivyo hivyo, hata akioza, hata akigeuka udongo mtupu. Jioni hiyo Alen alikuja akiwa ameshikwa na udongo hadi kiunoni, na kutoka mlangoni hadi mafigani alitumia muda ambao chungu kingechemka. Hakuweza kukaa. Alisimama akiegemea ukuta wa jiko, mkono mmoja juu, akijaribu kuongea, na kilichotoka kilikuwa udongo tu. Yudith alimtazama mdogo wake aliyembeba mgongoni akiwa mtoto. Alimpenda. Hilo ndilo lililomponza.

Ijumaa asubuhi, kabla Loyce hajaamka, alipanda kwenye Jiwe na kuita kwamba Alen wa Zakaria, wa ukoo wa Washele, amepumzika baada ya kuugua kwa muda mfupi.

Ukuta uliupokea wito huo kama mwenyeji aliyekuwa anamngoja mgeni. Uliirudisha sentensi nzima, sauti yake Yudith lakini iliyonyooka zaidi, isiyo na mkwaruzo, yenye huzuni ya kiasi. Alikuwa hajawahi kuita vizuri namna ile. Ng'ambo majembe yalianguka papo hapo, na kabla hajashuka kutoka kwenye Jiwe aliwaona wanaume wakiteremka kwenye korongo kwa mstari.

Njia ya kutoka Ng'ambo inapita pale pale kilima kiliposhuka. Walilivuka lile kovu jekundu wakizama hadi kwenye goti, wakashikana mikono ili wasiteleze, wakapita pembeni ya paa la banda lililochomoza udongoni. Walipofika uani walikwangua viatu kwenye jiwe la mlangoni mpaka pakawa na kichuguu cha udongo mwekundu, wakanawa, wakaingia mmoja mmoja.

"Poleni kwa kuuguza," walisema.

"Tumeshapoa," alijibu Yudith, kwa sababu ndivyo inavyojibiwa.

Walisema hivyo wote, na wanawake waliowafuata wakasema hivyo, wakimshika Loyce mikono na kumwambia kuwa kuuguza kunachosha kuliko kulima. Loyce hakuitika. Alimtazama wifi yake juu ya mabega ya watu kwa namna ambayo Yudith asingeitamani hata kwa adui. Shamba la chai lilitoa jeneza zuri la mbao za msitu uliokuwa juu ya banda. Makaburini Mzee Sefania alisoma wasifu wa marehemu, alivyozaliwa, alivyobatizwa, alivyopata kipaimara, alivyoanza kazi na alivyougua kwa muda mfupi akihudumiwa kwa upendo na familia yake, na watu wakaitika amina. Kwaya iliimba vizuri. Jua lilitoka kidogo, na wote wakakubaliana kuwa ni baraka.

Jioni ya kesho yake Alen alikuja akiwa safi. Alivaa shati jeupe alilozikwa nalo, na hakuwa na udongo hata kwenye kucha. Alitembea vizuri, akaketi, akajikunyata karibu na moto, halafu akakohoa. Kilikuwa kikohozi kirefu cha kutoka chini kabisa ya kifua. Alipomaliza alijifuta mdomo, akaomba radhi.

"Kifua hiki," alisema.

Loyce aliinuka akatoka nje. Yudith alimkuta kwenye mgomba, pale alipokuwa akitupa udongo siku zile.

"Wifi," alisema Loyce bila kugeuka, "nilikupa mume wangu aliyeuawa, umenirudishia mgonjwa."

"Nilitaka alale."

"Amelala sasa? Msikilize."

Hawakusemeshana mwezi mzima ingawa walipika jiko moja. Yudith alijitahidi kurekebisha. Alipanda kwenye Jiwe mchana kweupe akaita yale ya kwanza, kilima na miti na nyufa, na Ukuta sasa haukunyamaza kama zamani. Ulijibu mara moja, kwa sauti yake mwenyewe iliyonyooka, kwamba Alen alipumzika baada ya kuugua kwa muda mfupi. Aliita tena kwa nguvu zaidi na ukamjibu vilevile, tena kwa upole, kama muuguzi anayemrudisha mgonjwa kitandani. Ng'ambo walisimama wakainamisha vichwa kumkumbuka marehemu. Alirudi nyumbani koo likimuuma. Aliyemjibu ni yeye mwenyewe, na hakujua mtu hugombana vipi na sauti yake.

Kilichofuata kilikuja polepole. Chupa ya dawa ya kifua ilionekana chini ya kitanda cha Alen, imebaki nusu, na kijiko chake. Hakuna aliyeinunua. Loyce aliishika, akainusa, akairudisha palepale. Siku nyingine Yudith alimsikia akimweleza jirani kuwa baridi ya mwaka huu ni kali kwa watu wenye vifua. Alianza kuweka tangawizi kwenye chai ya jioni. Akaanza kumkanda Alen mgongoni kwa mafuta ya mikaratusi, na Alen akawa analala kichwa chake kikiwa mapajani mwake. Miti ya peasi ilipoanza kutoa maua, Loyce alikuwa tayari akiwasimulia wanawake kisimani jinsi mume wake alivyoanza kukohoa akitoka kazini, jinsi alivyokataa kwenda zahanati, wanaume walivyo wabishi, na jinsi yeye alivyokesha naye. Alisimulia vizuri, na machozi yake yalikuwa ya kweli. Alimwita Yudith wifi yangu kipenzi mbele za watu na kusema kuwa bila yeye asingeweza ile kazi ya kuuguza.

Yudith aliona kwamba amesamehewa, na hakuna kitu kilichomwumiza kama hicho. Alibaki peke yake na ule udongo. Alikwenda kulitazama kovu, na lilikuwa limeota majani, na shamba lilikuwa limepanda chai juu yake, mistari iliyonyooka. Banda jipya la kuni lilijengwa upande wa pili, chini ya kilima kingine. Watu wapya waliajiriwa, wengine kutoka Bungu na wengine kutoka mbali zaidi, na misumeno ilikuwa ikilia huko juu tangu asubuhi.

Jioni moja ya mwezi wa nane walikuwa watatu jikoni. Misumeno ilikuwa imenyamaza kwa siku hiyo. Loyce alikuwa akimenya viazi na Yudith akichochea moto, na Alen alikuwa ameshika kikombe kwa mikono yote miwili akiutazama moto kwa muda mrefu, uso wake umekunjamana kama wa mtu aliyesahau jina la jirani.

"Dada," alisema. "Kuna kitu nakitafuta kichwani sikipati. Nilimwambia mtu jambo. Jambo kubwa. Nilimwambia nani?"

Kisu cha Loyce kilisimama kwenye kiazi. Yudith alimtazama mdogo wake. Shati lilikuwa jeupe, macho yalikuwa yanangoja, na njia ilikuwa wazi kuliko ilivyowahi kuwa tangu Jumanne ile. Hapakuwa na Ukuta kati yao, wala kisanduku, wala Mzee Sefania. Ilikuwa sauti yake na sikio la Alen tu, umbali wa mkono mmoja. Alifungua kinywa.

Alifikiri juu ya magoti yaliyokauka kwa udongo. Alifikiri juu ya Loyce, ambaye sasa alikuwa na mume wa kumkanda. Na alipolitafuta lile neno la kwanza, alilikuta limekwisha kupunguzwa, kama alivyojifunza kwa miaka ile yote, kabla halijafika kwenye ulimi.

"Ulimwambia Loyce kwamba kifua kinakubana," alisema.

"Ahaa," alisema Alen. "Na nilianza kuumwa lini?"

"Mara tu baada ya Pasaka."

Alen aliitikia kwa kichwa, uso ukakunjuka. Loyce aliendelea kumenya. Alen alikohoa kidogo, akanywa chai iliyobaki, akasogeza kikombe ili aongezewe, na Yudith akamwongezea.